Kipimo cha Kidole cha Kaviha

Garama wa Tsuma hakuwa na baba wala mama. Hakuwa na mnazi hata mmoja aliouita wake, wala kipande cha ardhi cha kupandia mihogo. Hakuwa na dada, ambaye mahari yake ingemsaidia yeye kuoa. Hakuwa na kitanda. Alilala kwenye mkeka katika chumba cha reli pale Changamwe, chumba alichogawana na mwenzake. Hakuwa na jino la mbele upande wa kushoto. Viatu vya Jumapili hakuwa navyo mpaka alipokwisha kuwa mtu mzima. Na katika mwaka wa 1948, akiwa anakaribia arobaini, hakuwa na mke, na alikuwa amefikia umri ambao watu wameacha kumuuliza mtu ataoa lini, wameanza kuulizana wao kwa wao ana kasoro gani.

Kazi alikuwa nayo. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya mabehewa. Gari la moshi likisimama, yeye aliingia chini na kopo lake, akapita gurudumu kwa gurudumu, na alijivunia kwamba hakuna behewa lililotoka mikononi mwake likalia njiani. Lakini grisi ile ilikaa katika mistari ya viganja vyake na chini ya kucha. Hata kanisani, akifungua kitabu cha nyimbo, aliyeketi kando yake alijua kazi yake bila kuambiwa.

Mchumba wake alikuwa Kaviha, binti mkubwa wa Mwarandu, mkulima wa Mwakirunge. Walionana Jomvu, siku ya ubatizo. Kaviha alikuwa mwanamke mzima wa maneno machache, na alikwisha kuwakataa wanaume wawili kabla ya Garama. Kwa nini alimkubali yeye, Garama hakuthubutu kumuuliza, kwa kuogopa kwamba akifikiri sana ataghairi.

Mahari aliitoa kidogo kidogo kwa miaka: leo mbuzi, kesho fedha za ndama, na kila safari mtungi wa tembo, maana kwa Mwarandu neno halikuanza kusemwa kabla ya mtungi kufunguliwa. Alipompeleka mbuzi wa mwisho, Mwarandu alimpigapiga mgongoni akasema, "Yamekwisha, mkwe. Sasa usinione tena." Ndiyo ilikuwa desturi ya ukoo ule. Mahari ikiisha, mchumba hakanyagi tena ua wa wakwe mpaka siku ya kuja kuchukua mke. Akija kabla, basi ana pupa au ana shaka, na yote mawili ni matusi.

Siku hiyo Kaviha alimsindikiza mpaka kwenye matope ambapo hori, mtumbwi mdogo, lilikuwa linamngoja kumvusha kurudi upande wa Mikindani.

"Nina neno moja," Kaviha alisema.

"Sema."

"Nataka pete. Ya dhahabu. Kama ya mke wa mwalimu."

"Margaret?"

"Margaret huyo. Akifua anayo. Akikanda unga anayo. Akigombana na mumewe mpaka majirani wakatoka nje, bado anayo. Kanga utaninunulia, najua, nayo itachanika. Lakini nikienda kisimani na pete kidoleni, hakuna atakayeniuliza mimi ni nani wa nani."

"Utaipata," Garama alisema.

Alipokuwa anapanda hori mguu wake uliteleza, na Kaviha akamshika mkono kumzuia asianguke. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu, vidole vinene kwenye viungo, vidole vya mtu aliyeshika jembe na mchi tangu utotoni. Hawakuwa wamewahi kushikana mikono, na hawakushikana tena baada ya hapo. Garama alivuka mkono ule wa bahari akiwa ameukunja mkono wake kifuani, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Alianza kutafuta pete wiki ile ile. Katika duka la Mhindi pale Changamwe aliwekewa sahani nzima ya pete zinazong'aa. Mwenzake wa chumbani, Musyoka, Mkamba wa reli aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, alichukua moja akaiuma.

"Garama, hii ukimvika mkeo asubuhi, jioni kidole kitakuwa cha kijani. Utasema umeoa mti."

Akaziacha. Kisauni aliona za fedha, nzuri, zenye nakshi, na mwenye duka akamwambia kwamba hata masharifu huvaa za fedha. Garama alizigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akazirudisha. Kaviha alitaja dhahabu. Baadaye akaona ya dhahabu ya mitumba, pana, yenye jina la mtu mwingine ndani, akaona aibu kumvika Kaviha jina la mtu mwingine. Kila pete ilikuwa na kasoro. Miezi ilipita, na mgomo mkuu wa wafanyakazi ulikuja ukaenda, na bado alikuwa anachagua.

Mwaka wa pili, mama mmoja muuza makaa aitwaye Jumwa, aliyekuwa akivuka kutoka upande ule kuleta magunia Changamwe, alimtafuta mpaka kwenye mabehewa.

"Nimetumwa," alisema. "Kaviha anasema hata ya shaba. Anasema uje tu."

Garama alitoka chini ya behewa akajipangusa. Angeweza kwenda siku ile. Pete ya shaba ilikuwa inapatikana kwa bei ya mlo mmoja. Lakini alifikiri hivi: mwanamke aliyeahidiwa dhahabu akaletewa shaba atakumbuka kila atakapokwenda kisimani. Aliona kumpelekea shaba ni kumdharau.

"Mwambie avumilie," alijibu. "Nimebakisha kidogo."

Kidogo hicho kilichukua mwaka mwingine. Mwishowe alinunua sarafu ya zamani ya pauni moja, ya dhahabu, iliyosuguika mpaka sura ya mfalme ikawa kama ya mtu aliyefunikwa shuka. Akamtuma Jumwa kwa Mwarandu aletewe kipimo cha kidole. Na kwa sababu masika yalikuwa yamepita bila habari yoyote, akatuma pamoja na ombi hilo kanga mbili. Jumwa alirudi na chane ya ukindu wa kusukia mikeka, iliyofungwa fundo ikawa duara, imetiwa katika kipande cha kitambaa. Hakusema mengi. Alipoulizwa Kaviha hajambo, alijibu kwamba yeye hakumwona, akaenda kushughulikia magunia yake.

Garama alivuka kivuko cha Likoni Jumamosi, akaenda Timbwani kwa sonara aliyekuwa akiitwa Mzee Babu. Masonara wengine walikuwa karibu zaidi. Lakini Mzee Babu alikuwa na utaratibu wake: mteja huja na dhahabu yake mwenyewe, akaketi mbele ya jiko, na haruhusiwi kuondoka wala kugeuza uso mpaka dhahabu iyeyuke, imiminwe, ipoe.

"Ndoo, mwanangu, ndoo uketi," mzee alimwita. "Umekuja na yako?"

"Shikamoo, mzee. Nimekuja nayo."

"Marahaba. Hebu."

Akaisugua pauni kwenye jiwe lake jeusi, akatazama alama, akamtazama Garama.

"Hii ni dhahabu wallahi. Mtu kama wewe ameipata wapi?"

"Nimeinunua."

"Sikusema umeiba. Wenye mikono kama yako huniletea senti za fedha nizigonge ziwe pete. Wewe waja na mfalme mzima." Akacheka. "Usiifiche mikono. Tazama chungu. Ukipepesa macho, kesho utasema Babu amenitilia shaba, na dhambi ya fikira yako itaniandama mimi."

Garama alitazama. Aliona sura ya mfalme ikilegea, ikazama, ikawa tone. Mzee aliimimina, akaigonga, kisha akaanza kuivuta kwa koleo kupitia matundu ya bamba la chuma, tundu kubwa, kisha dogo, kisha dogo zaidi, mpaka dhahabu ikawa waya mmoja ulionyooka, umelala kwenye kitambaa.

"Haya. Kipimo."

Garama akatoa ile chane ya ukindu. Mzee aliivisha kwenye mti wake wa kupimia, mnene chini, mwembamba juu. Ile duara ilishuka kidogo tu, ikakwama karibu na ncha.

Mzee aliitoa, akaivisha tena. Ikakwama pale pale.

"Bwana arusi, wamuoa nani?"

"Binti Mwarandu, wa Mwakirunge."

"Babake simuoi mimi. Nauliza, ni mtu mzima?"

"Mtu mzima, mzee. Amenizidi hata akili."

"Basi hiki si kidole chake. Hiki ni kidole cha kitoto."

Garama alihisi joto la lile jiko usoni. "Ukindu umekauka," alisema upesi. "Walikata mbichi, ukakauka njiani. Si ukikauka hupungua?"

Mzee alikuna ndevu. Ukindu haukuwa kazi yake. "Mwanasaumu!"

"Abee!" Mkewe alijibu kutoka uani, ambako alikuwa akisuka mikeka, akaja amefunga leso kiunoni.

"Huyu mwanetu auliza, ukindu ukikauka hupungua?"

Mwanasaumu alichukua ile duara, akaivutavuta, akainusa. "Hupungua, ndiyo. Hupungua ubavuni. Ndiyo maana ukisuka mkeka kwa ukindu mbichi, ukikauka waachana mianya, waona mpaka sakafu. Lakini urefu haupungui, mwanangu. Kama ungepungua urefu, mikeka yangu yote ingekuwa ya kulaza paka."

Akacheka, kisha akaona uso wa Garama, akaacha. Alimrudishia chane kwa mikono miwili.

"Huenda wamepima kidole cha mwisho," alisema kwa upole. "Watu wa shamba hawajui pete huvaliwa kipi."

Garama aliushika ule msaada kwa nguvu zote. Lakini aliukumbuka mkono uliomzuia asianguke matopeni. Hata kidole cha mwisho cha mkono ule kisingepita hapo.

Mzee Babu alikuwa ameshika mkasi juu ya waya. "Nikate wapi?"

"Usikate."

"Waichukua?"

"Ikae hapa, mzee. Nitarudi."

Njiani alijitafutia sababu. Labda Kaviha ameugua akakonda. Lakini maradhi hayakondeshi mifupa ya viungo. Labda Jumwa aliipoteza chane ya kwanza, akafunga nyingine kwa kidole chake mwenyewe. Lakini Jumwa ana mikono mikubwa kuliko ya Musyoka. Kila sababu aliipanga ikasimama kwa muda mfupi, kisha ikaanguka, na alipofika Changamwe hakuwa na nyingine.

Jumapili hakwenda kanisani. Alivuka kwa hori, akaenda kukanyaga ua wa wakwe kabla ya siku yake.

Mwarandu alikuwa ameketi kwenye gogo akinoa jembe. Alimwona tangu mbali, na hakusimama.

"Mkwe wangu! Leo umesahau desturi, au umeibiwa viatu ukaja kuazima?"

"Sijasahau, baba. Nimekuja kuuliza kipimo."

"Kipimo si tumekuletea?"

"Mmeleta. Ni cha kidole cha nani?"

Mwarandu alipitisha tupa kwenye jembe mara kadhaa. "Cha mkeo."

"Kaviha yuko wapi?"

"Keti kwanza."

"Nitaketi nikishajua."

"Basi simama." Mwarandu aliweka jembe chini. "Kaviha hayuko. Amekwenda Mackinnon Road na dereva wa malori ya jeshi. Tangu masika. Nilimfuata mpaka Mazeras nikarudi na vumbi. Ulitaka nimfunge kamba kama mbuzi?"

"Tangu masika," Garama alisema. "Nami nimetuma kanga mbili baada ya masika."

"Zilifika. Mamake anayo moja, mdogo wake Kadzo anayo nyingine. Ahsante."

Kuku walipita kati yao. Garama aliuliza lile ambalo hakutaka jibu lake. "Aliacha neno lolote?"

"Aliuliza, mtu angoje pete mpaka azeeke? Dereva alimletea ya shaba, akaivaa siku ile ile, akaniaga nayo hapa hapa, amekunjua mkono hivi." Mwarandu akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, vidole vimetanuliwa. Hakuonyesha kwa ubaya. Alionyesha tu namna ilivyokuwa.

Garama aliketi.

"Sikiliza, mkwe. Mimi si mwizi. Mbuzi wako wamekwisha, fedha zako zimekwisha, tembo nalo tulilinywa pamoja. Uliahidiwa mke katika nyumba hii, na mke utapata. Nyumba ni ile ile, damu ni ile ile. Kadzo!"

"Abee!"

Msichana alitoka nyuma ya nyumba, na kibao cha kuandikia mkononi. Alikuwa mtoto wa darasa la pili, mabega membamba, meno mawili ya juu ndiyo kwanza yanajaza pengo lake. Alifunga kanga mpya, imekunjwa kiunoni mara mbili ili isiburute chini. Garama aliijua ile kanga.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Walipima hiki," Kadzo alisema, akakitoa kidole mbele. Alikuwa amefurahi. "Baba anasema ni dhahabu ya kweli. Ya Margaret ilikuwa na jiwe, niliiona kabla hawajahamishiwa Kaloleni. Yangu ina jiwe?"

"Haina jiwe."

Kadzo alifikiri kidogo. "Si kitu," akasema. "Huko Changamwe kuna shule?"

Garama aliwatazama wale kuku.

"Nenda kasome, wewe," Mwarandu alimfukuza, lakini kwa fahari. Kadzo alipokwenda akasema, "Huyo ndiye msomaji wetu. Barua ikiingia ua huu, mwenye kuisoma ni yeye tu. Mimi na mamake macho yetu ni ya kutazamia mwewe asichukue kuku."

"Baba, huyu ni mtoto."

"Mtoto hukua. Mchukue afagie, apike, akuzoee. Mamangu alikuja hivyo hivyo kwa babangu, akazaa sisi."

"Kanisa halitakubali."

"Nani ametaja kanisa? Utamvika pete hapa uani, mbele yangu. Aliyetaka kanisa ni yule aliyepanda lori."

"Simtaki."

Mwarandu hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kulipigia hesabu neno hilo.

"Basi unataka mahari yako. Ni haki yako, na mimi sina. Lakini Kombe, yule wa Bamburi, amefiwa na mkewe, ana ng'ombe, na amekwisha kuniuliza habari za Kadzo. Wewe nidai, mimi nitakwenda kwa Kombe, nitachukua kwake nikupe wewe. Kombe ni mzee kunishinda, lakini hanywi." Akacheka kwa pua. "Sasa chagua, mkwe. Kwako au kwa Kombe."

"Na nisipodai?"

"Usipodai?"

"Nikiiacha. Mahari yote."

"Hakuna mtu asiyedai. Leo utasema hudai kwa kuwa una uchungu. Mwakani utapoa, utaniletea wazee. Mimi nitalalaje na deni la mke shingoni? Bora nimpeleke Kombe mapema nikalale." Akachukua jembe lake. "Kama hudai kweli, andika. Karatasi haipoi. Wazee wakija nitawatolea. Lakini fikiri, Garama. Mvi za ndevu zako nimeziona leo juani."

Alimpa wiki moja.

Kesho yake, wakati wa chakula, Musyoka alimkuta ameegemea gurudumu bila kula.

"Bwana arusi, pete imekataa kupita au bibi arusi amekataa kupita?"

Garama alimwambia yote. Musyoka alitafuna mpaka akamaliza, na mzaha ulikuwa umemtoka.

"Mimi ni rafiki yako, kwa hiyo nitakwambia neno baya," alisema. "Mahari nyingine huwezi kutoa. Ukianza leo utamaliza ukiwa huna hata nguvu za kupanda hori. Mchukue huyo mtoto."

"Musyoka."

"Ngoja. Mchukue umlete hapa, umtie shule, umlee kama wako. Kwa babake atapelekwa kwa huyo mzee, na huko hataona kibao tena. Nani atakulaumu? Utakuwa umemwokoa. Akikua, ataamua mwenyewe."

"Na dhahabu?"

"Ngoja akue, ikatwe kwa kidole chake."

Kengele ililia, na Garama akaingia chini ya behewa na kopo lake. Huko chini, mahali ambapo hakuna aliyemwona, aliyapima maneno ya Musyoka, na yalikuwa mazuri. Aliona chumba kimefagiwa. Alisikia mtu akisoma kwa sauti mlangoni yeye akirudi kazini. Angekuwa na mtu wa kumwitikia. Kisha akajitazama mbele zaidi, na akaogopa. Watu wangemwita mtoto yule mke wa Garama tangu siku ya kwanza, kisimani na kanisani, naye angezoea kuitikia. Ataamua mwenyewe, alisema Musyoka. Ataamua vipi mtu aliyelishwa na kuvikwa na kufunzwa kwamba yeye ni wa mtu fulani? Alikwisha kusema si kitu, uani pale, kwa pete isiyo na jiwe. Angesema si kitu kwa mengine yote. Na Garama alijijua. Alikuwa amekaa peke yake muda mrefu mno. Hakujiamini kwamba angebaki baba mpaka mwisho.

Akipeleka madai, anampeleka Kadzo kwa Kombe kwa mkono wake mwenyewe. Akiyaacha, anaondoa sababu moja tu, na Mwarandu alikuwa mtu wa kupata sababu nyingine mtungi ukikauka. Na yeye atabaki vile vile alivyokuwa kabla ya siku ya ubatizo kule Jomvu, ila mzee zaidi. Hakuona njia ya nne, na aliitafuta mpaka behewa la mwisho.

Siku ya mwisho ya ile wiki alikaa chumbani, akageuza sanduku likawa meza. Kuandika alikujua, alijifunza kwa taa, katika masomo ya jioni ya wafanyakazi, baada ya kazi, akisinzia na kujifinya. Alikuwa na mwandiko mzuri na aliupenda. Akaanza kwa adabu ndefu, salamu za wazee na hali ya mvua, kisha akaandika kwamba kwa heshima na taadhima binti mdogo aliyepewa badala ya mkubwa yeye hamtaki.

Hapo kalamu ikasimama. Aliwaza barua ikifika Mwakirunge. Mwarandu ataigeuzageuza, kisha ataita, na atakayeitika abee ni Kadzo. Atasimama uani na ile kanga yake, kidole chini ya kila neno, asome kwa sauti mbele ya babake na mamake na yeyote aliyekuja kunywa. Atasoma kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hatakiwi, kabla hajajua kwamba anasoma habari zake.

Akaichana. Akachukua karatasi nyingine, na akaandika herufi kubwa, zilizoachana, maneno mafupi ya mtoto wa darasa la pili.

Lilikuwapo neno moja alilotamani Kadzo alijue: kwamba siku Kombe akionekana njiani, akimbie amwambie mtu. Aliliandika. Kisha akaliona nalo likipita katika kinywa kile kile, kwa sauti, babake akiwa anasikiliza. Hakukuwa na namna ya kumwambia mtoto kitu ambacho baba hatakisikia. Margaret na mumewe walikuwa wamehama, na mwalimu mpya, kama alivyosema Jumwa, alikuwa mmoja wa wanywaji wa Mwarandu. Akaichana na hiyo pia. Karatasi ya tatu ndiyo iliyobaki.

*Mzee Mwarandu. Salamu. Mimi ni mzima. Mahari niliyoleta sidai. Sidai leo. Sidai kesho. Sina ndugu wa kudai baada yangu. Nyumba yako haina deni langu. Kadzo anasoma vizuri. Naomba abaki shule. Ni mimi, Garama wa Tsuma.*

Aliisoma kwa sauti ya chini, polepole, akiweka kidole chini ya kila neno, kuona kama kuna mahali mtoto atakwama. Akafikiri kuandika jina la Kaviha. Hakuona la kusema baada ya jina.

Musyoka, aliyekuwa amelala akitazama dari, aliuliza, "Na ule waya kule Timbwani?"

"Upo."

"Utaufanyia nini?"

"Sijui."

Garama aliikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha. Aliramba gundi, akapata ladha ya grisi ya vidole vyake, akabonyeza ukingo kuanzia kona moja hadi nyingine, kisha akarudia tena kwa nguvu, kama vile kuna mtu aliyekuwa akiisukuma kwa ndani. Akavaa viatu vya Jumapili. Kwenye dirisha la posta, karani aliuliza kama kuna haraka, naye akajibu kwamba hajui. Karani akaigonga muhuri, akaitupa ndani ya mfuko pamoja na nyingine.